Kivuko Kisichoimbiwa

Garsen, Jumatano, Mei 1955

Bado namfikiria Komora, mvuta kamba wa kivuko niliyekutana naye leo. Wavutaji wengine huimba ili wavute pamoja. Zamu yake haijaimba tangu aliporudi kutoka vita vya Burma.

Leo msimamizi mpya alitaka kumwachisha kazi. Bila wimbo, alisema, siku moja watatuzamisha.

“Panda kwanza, bwana, uone,” akasema Buya, mvutaji mwenzake Komora.

Mto umejaa. Wanaume sita walivuta wakitazama bega la Komora tu; likishuka, wanavuta. Mama wa Kiorma alimziba mbuzi wake mdomo kwa kiganja. Kamba haikulegea hata mara moja.

“Mlijifunza lini haya?” akauliza msimamizi.

“Miaka kumi sasa. Na sauti ya Komora ilikuwa ya kiboko, bwana. Tumepona!” akajibu Buya.

Komora alicheka kuliko wote. Kazi yake imebaki, nami nimefurahi zaidi ya nilivyotarajia.

Baadaye nilimwuliza kilichotokea Burma.

“Tulivuka mto tukiimba kama nyumbani. Adui akasikia. Aliyeanzisha wimbo nilikuwa mimi.”

“Wenzako wanajua?”

“Hawajawahi kuniuliza.”

Miaka kumi wamemvutia kamba kimya, bila kuuliza. Mimi niliuliza siku ya kwanza.