Pius, Dumu Bado Lipo Mlangoni

Jumapili, tarehe 5 Oktoba 2025, Mkolani, Mwanza. Asubuhi hii jua limetoka na ukali wake wote, angani hakuna wingu hata moja, na kufika saa mbili mabati yalikuwa yameanza kulia kwa joto.

Pius Mayala, mume wangu, leo mwaka umetimia tangu Jumamosi ile tulipotoka nyumbani watu watatu tukicheka, tukarudi wawili. Ilikuwa siku ya joto kama hii. Nimeiogopa tarehe hii tangu mwezi wa nane.

Tangazo la msiba wako aliliandika kaka yako Maige. Hili nimeliandika mimi, kwenye daftari lile ulilokuwa ukinikagulia. Ukiona kosa, nisamehe.

Watu wa mtaa walikimbia joto, wewe ulilifanyia sikukuu. Ulitandika mkeka nje upande wa kivuli, na kivuli kilipohama ulihama nacho, nyumba nzima ikikufuata nyuma: mkeka, tikiti, redio, beseni la maji ya kutia miguu. Ulikuwa fundi rangi, na hata siku ya mapumziko doa halikukosekana nyuma ya sikio lako. Binti yetu Winnie alilitazama akabahatisha wiki hiyo ulipaka nyumba ya nani.

Miguu yako ikiwa ndani ya beseni ulinisikiliza nikisoma kwa sauti, kidole kwenye mstari. Nilianza masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na moja, na hukunicheka. Hapana, ulinicheka. Uliniita Darasa la Kwanza. Lakini kila nilipotoka darasani nilikukuta getini na tochi.

Jumamosi ile, saa saba mchana, ulisema, "Leo hata beseni limechemka. Twendeni ziwani." Winnie akaenda kuazima dumu tupu la njano kwa jirani yetu Mama Gladness, maana letu lilikuwa limetoboka, na wewe ulikuwa unamfundisha kuogelea akiwa amelishikilia kifuani.

Kule ufukweni Butimba uliniita mbele ya watu. "Darasa la Kwanza, ingia majini!"

"Niloweshe kitenge, nirudi nimevaa nini?"

"Utanivaa mimi mgongoni."

Watu walicheka. Nami nilicheka, nikabaki mchangani na sato wetu wa kukaanga. Mungu ni shahidi, nilikuwa na furaha.

Kisha upepo wa mvua ukashuka ghafla kutoka milimani. Winnie alikuwa ametoka kuja kula, akaliacha dumu ukingoni. Likaanza kwenda na maji. Nikapiga kelele, "Baba Winnie! Dumu la watu hilo!"

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwako. Nyumbani kwetu cha kuazima hakikupotea. Wewe mwenyewe ulituzoesha hivyo. Hata kijiko kilirudi kwa mwenyewe kabla jua halijazama. Ukageuka, ukanipungia mkono, ukalifuata. Nilikiona kichwa chako, kisha mkono, kisha mawimbi matupu. Wavuvi walikupata kesho yake. Dumu lilirudi lenyewe jioni ile ile.

Nilipiga magoti pale mchangani nikaweka nadhiri kwa sauti: "Bwana, mrudishe, na hakuna mtu wa nyumba hii atakayeligusa ziwa tena." Hakukurudisha. Lakini nadhiri nimeishika mwaka mzima, kana kwamba bado unaweza kurudi. Nimefunga, nimesali rozari mpaka uzi umekatika. Namuuliza Mungu swali moja tu, kwa nini nilifungua mdomo, naye yuko kimya. Joto likija nafunga mlango, na Winnie analala kwenye sakafu ya simenti akitoka jasho.

Siku ya arobaini nililipeleka dumu kwa Mama Gladness. Alilirudisha mlangoni kwangu.

"Mama Winnie, silitaki. Kila nikichota maji nitamwona shemeji."

"Basi nilipeleke wapi?"

"Kaa nalo. Ila usilifanye mchawi. Dumu halikumwita mtu."

"Nilimwita mimi."

Alivua kandambili zake, akakaa na mimi mpaka mchana ukaisha.

Wiki tatu zilizopita Winnie hakurudi kutoka shule. Nilikimbia mpaka Butimba, kiatu kimoja kikabaki njiani. Nilimkuta amekaa mchangani, sare yake kavu, vidole vya miguu hatua moja kutoka kwenye maji.

"Sijagusa, mama. Angalia miguu yangu, mikavu."

"Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kumsalimia baba. Si ulisema tusiguse? Basi nimeishia hapa."

Nilinyanyua mkono nimpige, ukabaki hewani. Akanitazama. "Mama, ile nadhiri uliiweka wewe. Mimi mbona sikuulizwa?"

Nilimpeleka kwa katekista Severine, nikitaka amwambie mtoto kwamba nadhiri ni nadhiri. Akanigeukia mimi. "Mama Winnie, nadhiri ya woga Mungu haidai. Anayeidai ni wewe." Nililia njia nzima kurudi, na Winnie alinishika mkono kama vile yeye ndiye mzazi.

Sitaki kukudanganya. Sijapona. Nikisikia upepo, moyo unakimbia mpaka ukingoni na kurudi. Lakini mtoto wako ana kiu ya ziwa ulilompa, na mimi nimemfungia nje.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Dorotea, binti yako Winnie, mama yako mzazi Eugenia, kaka yako Maige na familia yake yote ya Usagara, Mama Gladness na majirani wa Mkolani, wanajumuiya wenzetu, na wote wanaoishi ndani ya kuta ulizozipaka rangi. Kila jua litakapowaka hivi, jina lako litatajwa kwetu.

Leo baada ya misa ya kwanza ndugu na majirani wamekusanyika uani. Nimelitoa dumu mlangoni, nikalifunga kamba mpya, na mama yako akiwa amenishika bega nimesema kwa sauti, wote wakisikia:

"Pius, jioni hii Winnie anaingia majini, na mimi naingia naye, na kitenge changu hiki hiki. Dumu nitalishika kwa mikono miwili. Na upepo ukilichukua, naahidi mbele ya hawa wote, nitanyamaza. Liende."