Baridi Chumbani kwa Mama

Pickering, karibu na Toronto,
26 Januari 2010

Mpendwa kaka Jafferali,

Salaam alaikum. Natumaini wewe na wifi Zeenat hamjambo huko Tanga, na lile goti lako limepata nafuu. Sisi tu hai, alhamdulillah, ila uzima wenyewe wa kusuasua. Juzi nilikata simu haraka kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia. Nimeona heri niandike.

Baridi ya mwaka huu haina adabu. Katikati ya Muharram, mashine ya gesi inayopasha nyumba nzima joto ilianza ukorofi. Inawaka, inavuma kidogo, inazima. Shemeji yako Hasan akabadilisha betri za kile kisanduku cha ukutani cha kuiongozea, akaweka chujio jipya, akatoka na koleo kuondoa theluji kwenye bomba la moshi nje. Wapi. Fundi naye alikuwa na nyumba nyingi zinazomlilia, akatupangia siku ya mbali.

Unajua tulihamia hapa Oktoba. Chumba cha chini tulimpa Mama, maana ngazi haziwezi tena. Muharram ilipoandama akataka kiwe kama sebule yake ya Tanga wakati wa maombolezo, ukuta mzima ufunikwe kile kitambaa cheusi cha mahameli alichokuja nacho. Hasan akapigilia misumari. Chini ya ukuta ule palikuwa na wavu mkubwa wa chuma, nao ukafunikwa. Nani angejali wavu? Nilipotaka kukiinua nifagie vumbi, Mama akanizuia.

“Hicho hakiguswi mpaka miezi ya msiba iishe, mwanangu.”

Unamjua Mama. Nikakiacha.

Tukamvika sweta juu ya sweta na kumwekea hita ndogo miguuni, naye akawa anasoma marsiya, tenzi zake za maombolezo, huku mvuke unamtoka mdomoni. Kikohozi kilianzia hapo.

Siku moja nimeketi naye, mashine ikavuma, nikaona kitambaa kinavutwa ukutani hata miraba ya wavu ikajichora juu yake. Ndipo nikaelewa. Kwenye wavu ule ndiko hewa ya nyumba inakorudi kwenye mashine. Tulikuwa tumeiziba pua, ikawa inapata moto kupita kiasi na kujizima yenyewe. Nikakivuta kitambaa kikaanguka, misumari na yote. Mama alilia, nami nikalia. Jioni ile nyumba ilipata joto.

Lakini kifua kilikuwa kimeshashikwa. Yuko hospitali tangu wiki iliyopita, na ni nimonia. Kiingereza chote kimemtoka. Anawaomba wauguzi kwa Kiswahili wamfungulie dirisha, nao wanamwongezea blanketi. Kaka, anaamini anaugua kwa sababu nilikishusha kitambaa. Sina moyo wa kumwambia kwamba kitambaa ndicho kilichomletea maradhi. Nawe usimwambie, tafadhali.

Daktari ametuambia tuwaite watoto wake. Kassamali, jirani yetu anayekuletea barua hii, amebeba pia karatasi za mwaliko za kuombea viza. Duka mwachie Zeenat.

Nisalimie watoto wote na shangazi Gulbanu, mwambie asiache kumwombea. Mola akulainishie safari na akukutanishe na Mama angali na fahamu zake. Kila mwanamume akipita mlangoni pake anauliza kama ni wewe. Jana nilimjibu kwamba uko njiani. Usinifanye mwongo.

Dada yako akupendaye,
Sughra