Kinga ya Baba Inatosha

Kaka,

Salamu zako zimefika, pamoja na kile kifurushi cha vidonge vya kuongeza kinga. Nani alikutuma?

Baba hajaishiwa kinga! Daktari amenieleza taratibu: virusi vimepungua, homa imeshuka, lakini vipimo vya damu vinaonyesha kinga yake inazidi kupanda, na isipotulizwa mapema itageukia mapafu yake mwenyewe. Ni Baba yule yule. Unakumbuka alivyomfukuza mwizi mpaka yeye mwenyewe akavunja mlango wetu?

Basi daktari anampa dawa ya kuituliza kinga, na shangazi, kwa maagizo yako ya simu, anaficha vidonge vyako chini ya mto wa Baba hapa hospitalini. Nimemfumania akimmezesha! "Kaka yako amesema," ananijibu. Nimevimwaga chooni vyote, naye amenuna.

Baba anajiona mzima, anadai nguo zake arudi nyumbani. Jana alinitukana vizuri tu. Leo asubuhi alianza tena, pumzi ikamkatikia katikati ya tusi. Nilisimama pale nikimwombea alimalize.

Usitume kitu kingine, kaka. Njoo wewe.

Dada yako