Mtungi wa Ng'ombe Uliokwenda Diani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Daktari Gillian amenipigia asubuhi kutoka Diani. Shikamoo ndeefu — nikajua ana shida. Gari linalomletea nitrojeni, ile baridi ya maji ya kugandishia, limeharibika Voi, mtungi wake umebaki vidole viwili. Humo ndani yamegandishwa mayai mawili ya binti yangu Twaiba, yaliyokwisha kutungishwa na mbegu za mumewe, Nassir. Ya mwisho. Ndoa ya miaka kumi na moja!

Mimi nitrojeni ninayo. Mwaka wa thelathini na mbili huu nawapa ng'ombe wa Msambweni mimba kwa mrija. Lakini nikimpa yeye, mbegu zangu za fahali zinakufa. Nikamuuliza, nizihamishie kwenye mtungi wako? Akacheka mpaka akakohoa. "Mzee, nikikosea mtu akazaa ndama, utakuja kuniona jela?"

Nimempelekea nitrojeni yote, mbegu zangu zife. Tukatumbukiza kijiti mtungini mwake, tukakipunga hewani, weupe wa barafu ukapanda shibiri nzima. Kupima kwa kijiti nilimfundisha mimi, miaka kumi na minane nyuma, alipofungua chumba kimoja cha kutungishia mimba kwenye chupa, nyuma ya fundi cherehani. Watu wakimwita Mama Chupa. Huku kwetu hakuna aliyethubutu kabla yake. Mwanafunzi wangu huyo!

Jumanne, 5 Agosti

Mfugaji Kavumbi kanivamia uani. Ng'ombe wake anataka dume, mimi sina mbegu.

"Umeziuza, mzee?"

Nimempa binti yangu, nikamwambia. Lo, macho aliyonitolea! Mke wangu Mwanarusi ndiye aliyemweleza — mimi nilikuwa hoi kwa kicheko.

Ng'ombe atataka tena baada ya wiki tatu. Twaiba hana mayai mengine.

Ijumaa, 8 Agosti

Yamepandikizwa yote mawili. Alhamdulillahi. Daktari kamshika Twaiba mkono mpaka mwisho.

Pale barazani kwa daktari nilimkuta Mercy, mtoto wake wa chupa wa kwanza kabisa. Ananizidi urefu! Kaja kumwamkia. Nilimzunguka nikitafuta alama ya chupa. Hana.

Jumatano, 20 Agosti

Twaiba katolewa damu asubuhi. Saa nane simu ikalia hapa nyumbani. Hakuna aliyetaka kuigusa. Twaiba akaitia mkononi mwangu. "Baba, pokea wewe."

Daktari anasema damu imeonyesha mimba — lakini changa mno. Ijumaa apimwe tena, ikiwa imepanda ndiyo tuamini. Na tusimwambie mtu. Akaniambia mimi! Mimi ninayejulikana kwa domo msikiti mzima! Saa tatu nzima sasa nimefunga mdomo.

Mungu nimemshukuru kiasi cha kunifikisha Ijumaa. Gillian pia.

Twaiba kajilaza chumbani kwetu, hataki hata kukohoa. Nassir kaja na kikombe mkononi: "Baba, chai ya tangawizi anaruhusiwa?" Nikamwambia kwa utani tu, kamuulize daktari. Kampigia kweli! Namsikia hapo uani: "Daktari, samahani, ni mimi tena —"