Nukta Iliyokuwa Inarudi Nyumbani

KITUO KIDOGO CHA POLISI NAMUWOJJA, KAMPALA
MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Kifo cha Tadeo Bbosa, fundi
Tarehe ya kuandikwa: Jumatatu, 16 Machi 2026, saa tatu asubuhi

Jina: Nnalongo Feresita Nakitto
Umri: Miaka sabini na miwili
Kazi: Kupika na kuuza katogo
Makazi: Namuwojja, nyuma ya tangi la maji
Lugha: Kiganda. Yameandikwa kama alivyoyasema, kwa sharti lake mwenyewe.

Kabla sijasema lolote, afande, futa hapo juu ulipoandika "kundi la watu wasiojulikana". Nimekuambia unisomee, umenisomea, na neno hilo limenichoma. Hawajulikani na nani? Mimi nawapikia kila asubuhi. Namjua anayetaka utumbo mwingi, namjua anayechambua vitunguu kwa ncha ya kidole kama bibi harusi. Umekalia kiti cha serikali, kalamu unayo, macho unayo. Usiandike uongo kwa sababu ni mfupi kuliko ukweli. Piga mstari hapo nikiona. Haya, sasa andika.

Mmoja wa watu hao ni mjukuu wangu, Mutyaba. Nimemlea tangu hajaota meno, mama yake alipofariki. Andika hilo mwanzoni kabisa, asije mtu akasema Nnalongo alilificha.

Ninauza katogo, ndizi na utumbo wa ng'ombe, kwenye kijiwe cha bodaboda cha Namuwojja. Waendeshaji wote wananiita jjajja, bibi yao. Marehemu Tadeo Bbosa alikuwa na meza karibu na jiko langu. Yeye hakuwa mwendeshaji. Kazi yake ilikuwa kufunga simu kwenye usukani wa pikipiki, ili mwendeshaji aione ramani bila kuishika mkononi. Zamani walizifunga kwa vipande vya mpira wa tairi, na wanyakuzi wakawa wanazichomoa kwenye foleni kama mtu anayechuma embe. Mutyaba alichomolewa mbili. Ya pili alikuja kulia mbele ya jiko langu, mwanamume mzima mwenye ndevu.

Mnamo tarehe 12 Machi, siku ya Alhamisi, asubuhi, Tadeo alimfungia Mutyaba kisanduku cha bati nene chenye kioo upande wa mbele na kufuli dogo ubavuni. Nilikuwa nimekaa hapo, niliona kila kitu. Alikikaza katikati ya usukani, chini kidogo ya vioo, kisizibe geji ya mafuta. Ndani alitandika kipande cha kandambili, simu isigongwe na mashimo. Waya wa chaji aliutoa kwenye betri, kisha akaugeuza usukani kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, kuona waya haubanwi popote. Hakuwa mtu wa haraka. Wenzake walimcheka kwa hilo.

Mwenyekiti wa kijiwe, Kaggwa, alimwambia, "Tadeo, simu unaijengea gereza?"

Tadeo akasema, "Gerezani watu hutoka, mwenyekiti. Humu hatoki mtu."

Mutyaba akasema, "Mwacheni Shangazi akae ndani atulie. Mji huu una wezi wa wake za watu."

Shangazi ndilo jina walilompa yule mwanamke anayesema ndani ya ramani, pinda hapa, pinda pale. Wanasema anaamuru kama shangazi, na kama shangazi hakubali kujibiwa. Mimi niliwaambia, "Siku moja Shangazi atawapeleka mtoni na mtakwenda. Macho hayo mlipewa ya kupambia uso?" Wakacheka. Tadeo akasema, "Waambie, jjajja. Simu ni ya kuchungulia, siyo ya kukodolea." Kisha akala sahani yangu moja na kuramba kijiko.

Afande, unaandika? Nimeona kalamu imesimama. Hayo ya kijiko yaandike pia.

Sasa kuna jambo la nukta, nalo ulielewe. Mwaka jana mwenzao mmoja aliuawa na abiria, pikipiki ikachukuliwa, na maiti ikapatikana siku ya nne. Tangu hapo walipatana kwamba simu ya kila mmoja ionekane kwenye simu ya mwenyekiti. Kila mtu ni nukta. Ukipotea, Kaggwa anafungua simu yake na kuona nukta yako iko wapi, na kijiwe kizima kinatoka. Ulikuwa mpango mzuri. Mimi mwenyewe niliusifu.

Mnamo tarehe 14 Machi, siku ya Jumamosi, Mutyaba alirudi alfajiri. Alikuwa amebeba abiria usiku kucha. Akaniambia, "Jjajja, kisanduku kimepasuka mguu mmoja. Shangazi anatetemeka kama ana malaria. Tadeo akipita, mwambie akitazame." Akaweka pikipiki uani, simu ikiwa bado ndani ya kisanduku, akanipa funguo, akalala na viatu.

Tadeo alikuja karibu saa tano. Alikikagua, akasema spana haitoshi, panahitaji kuchomelewa. Upande wetu umeme ulikuwa umekatika. Akasema mchomeleaji yuko ng'ambo ya kinamasi, kule kuna umeme. Nilimpa funguo mimi, Feresita Nakitto, kwa mkono wangu huu. Ule wa kuwashia pikipiki una utambi wa kitambaa cha gomesi, gauni langu la zamani. Niliufunga mwenyewe usipotee.

Alipiga magoti kuzipokea. Hakuhitaji kupiga magoti, mimi si wa kwao, lakini alilelewa. Akauliza, "Nimwamshe Mutyaba nimwambie?"

Nikasema, "Mwache alale. Nenda urudi."

Akaniambia kisanduku kikiwa tayari ataijaribu ramani akiwa njiani, asikie kama sauti inatoka vizuri. Akaondoka polepole, miguu ikiburuza chini, kama mtu aliyeazima.

Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kuosha utumbo wa kesho yake. Redio ya jirani ilikuwa imeanza kusoma matangazo ya vifo, kwa hiyo ilikuwa saa saba kasoro. Nikasikia mlango wa chumba cha Mutyaba, kisha miguu ikikimbia. Nilidhani tumbo limemshika. Hakuniita. Migomba ile iko karibu na mlango kuliko wewe ulivyo karibu na lango la kituo hiki. Angesema "Jjajja!" mara moja tu, ningemjibu huku mikono imo majini. Hakusema.

Wasomaji wa vifo walikuwa hawajamaliza niliposikia honi. Zilikuwa zile ndefu, zisizokatika, pikipiki nyingi pamoja. Kila mtu Namuwojja anajua honi hizo maana yake nini. Wanawake huingiza watoto ndani. Nilisimama pale na utumbo mkononi, nikawaza, leo wamempata mtoto wa nani? Hapo nikatazama uani, mahali pikipiki inapokaa.

Nilikwenda kijiweni. Mwanamke anayeuza kadi za simu aliniambia, "Jjajja, wamemfuata aliyeiba pikipiki ya Mutyaba. Nukta iko kinamasini." Nikamwambia, "Haijaibwa, nimeitoa mimi! Mpigie Kaggwa!" Akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Nikatafuta pikipiki ya kunipeleka. Hakukuwa na hata moja. Miaka yote ninaketi katikati ya pikipiki zao, moshi wake nimeumeza mpaka kifua kimekuwa jiko, na siku nilipohitaji moja, nilitembea kwa miguu. Kandambili moja ilikatika njiani. Niliiacha.

Niliwakuta upande huu wa daraja la kinamasi, penye matanuri ya matofali. Andika hapo vizuri: upande huu. Upande wa kurudi. Alikuwa ameshavuka, ameshamaliza kazi, anakuja. Nukta ile ilikuwa inarudi kwetu. Kaggwa aliiona kwenye simu yake ikirudi, na hakujiuliza. Mwizi gani, afande, anakimbilia nyumbani kwa mwenye mali?

Tadeo alikuwa amelala kifudifudi kando ya barabara. Nilimgeuza. Sitasema alivyokuwa, daktari wenu atasema. Alikuwa bado na joto lakini hakuwepo tena. Walisimama wakimzunguka, kofia za pikipiki mikononi. Kofia ya Mutyaba ilikuwa na ufa ambao asubuhi haukuwepo, na ilikuwa na damu. Ya Ssenoga pia ilikuwa na damu. Kaggwa alishika fimbo ya mkaratusi. Hao watatu niliwaona na vitu hivyo mikononi. Wengine walikuwepo, majina yao nitakutajia mmoja mmoja, lakini mikono yao sikuiona, na ambacho sikukiona sikisemi.

Nikasema, "Nani kawaambia mtoto huyu kaiba?"

Kaggwa akajibu, "Jjajja, rudi nyumbani. Tumemkuta nayo."

"Aliwaambia nini?"

"Alisema eti wewe ndiye uliyempa. Kila mwizi ana jjajja wake."

Nikasema, "Huyu alikuwa naye kweli."

Pikipiki ilikuwa imesimama wima kwa stendi yake, mtu aliisimamisha isije ikachubuka. Kwenye kitundu cha kuwashia kulikuwa na ufunguo wenye utambi wa gomesi yangu, ukining'inia mbele ya macho yao wote. Kisanduku kilikuwa salama, hakitikisiki, na mguu mpya uliochomelewa ulikuwa bado una ule weusi wa moto. Kioo hakikuwa na mkwaruzo. Na Shangazi alikuwa anasema. Kiingereza chake sikijui, nikamwamuru Ssenoga, "Wewe ulifika shule. Soma pale panaelekea wapi."

Ssenoga akainama.

"Soma, kijana."

Akasema, "Inasema nyumbani, jjajja. Ni kwako."

Ndipo walipoanza kuondoka. Hakuna aliyepiga honi. Walisukuma pikipiki kwanza, kimya, kama watu wanaotoka msibani bila kuaga, wakaziwasha mbele kule. Mutyaba alibaki. Alitaka kuzima ile sauti, akawa anagonga kioo kwa kidole, lakini kisanduku kilikuwa kimefungwa. Ufunguo wa kufuli lile tuliukuta baadaye katika mfuko wa shati la Tadeo. Kwa hiyo tulikaa pale, mimi, Mutyaba na marehemu, mpaka gari lenu lilipofika, na yule mwanamke akawa anatuelekeza nyumbani muda wote.

Askari wenu walipouliza nani kafanya, Mutyaba alikuwa nyuma yangu. Mimi nilikuwa na kichwa cha Tadeo mapajani na sikusikia swali. Leo nimelisikia, nalijibu.

Jana Jumapili nilimpigia baba yake Tadeo, yuko kijijini Mubende. Kumbe Kaggwa alishampigia kabla yangu. Mzee yule aliniambia, "Nnalongo, mimi sizai wezi. Huyo si wangu. Makaburi ya ukoo wangu hayapokei aliyeuawa kwa wizi." Nikamwambia hakuiba. Akasema, "Polisi wameandika hivyo?" Sikujua mmeandika nini. Akakata simu. Mchana nilisikiliza redio mwanzo hadi mwisho. Walisomwa watu wengi, na mzee mmoja wa miaka mia. Tadeo hakusomwa. Yuko kwenye jokofu la hospitali na kijikaratasi mguuni, bila ukoo.

Ndiyo maana nimekuja. Sikuja kulia, kulia nimeshalia kwenye migomba.

Jumamosi usiku Mutyaba hakula. Akaniambia, "Mimi ndiye niliyempiga wa kwanza, jjajja. Hakukimbia. Alinyoosha mkono kunisalimia." Jana alitaka kwenda visiwani kwa mjomba wake. Alipolala nikamfungia kwa kufuli kwa nje. Alipoamka akausukuma mlango mara moja, akaelewa. Mlango ule ni wa mbao za masanduku, mimi mwenyewe naweza kuuvunja kwa kiuno. Hajauvunja. Leo asubuhi nimempitishia chai dirishani, akaipokea kwa mikono miwili.

Ufunguo wa mlango huo ndio huu hapa. Nauweka mezani kwako.

Niliyoyaona nimeyasema, niliyoyasikia nimeyasema, na sijaongeza chumvi. Chumvi naiacha jikoni kwangu. Kidole gumba sitaki, jina langu najua kuliandika.

Saini: F. Nakitto

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika maelezo haya mimi, Koplo Okiror, na kumsomea shahidi kwa Kiganda. Ameyathibitisha. Maneno "kundi la watu wasiojulikana" yamefutwa kwa mstari mmoja, na shahidi ameshuhudia. Majina kumi na manne yameambatishwa. Ufunguo mmoja wa kufuli umepokewa. Shahidi hakuondoka baada ya kutia saini, akataka maneno yafuatayo yaongezwe na yasomwe tena kwa sauti:

Kwanza andika kwenye karatasi yake mwenyewe kwamba Tadeo Bbosa hakuwa mwizi, piga muhuri wa kituo, mpigie baba yake umsomee ukiwa umesimama. Kesho saa saba kasoro nitafungua redio, na jina hilo nilisikie. Halafu nenda ukamchukue mjukuu wangu. Nenda na gari, usimpandishe bodaboda. Ukifika gonga kwanza, mwambie ni jjajja aliyekutuma, mpe nafasi avae viatu. Na njiani asiguswe na mtu. Inuka, afande.