Makopa Yasiyo na Mchanga

Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu umepoa, au bado unautembeza shambani huku ukisema umepona? Mimi mzima, na kazi yangu ya upishi hapa kiwandani inaendelea vizuri.

Saidi ameniandikia nimtafutie kazi huku. Mama, nilipoisoma barua yake moyo ulinishuka. Mdogo wangu huyo ndiye mtoto pekee uliyebaki naye, na anasema haoni faida ya kulima muhogo usio na mnunuzi. Ndiyo maana gunia la makopa ya muhogo mkavu mlilotuma wewe na kina mama wa kijiji lilipofika kwa meli, nilimkimbilia Mzee Kondo, mkuu wa jikoni. Sembe imeadimika, nikamwambia, jaribu unga wa kijijini kwetu Mahurunga uone. Nilijisifu kweli! Tukapeleka nusu gunia mashineni, nikasonga ugali.

Sasa usinune. Tonge la kwanza tu, watu wakaanza kutema. Mchanga! Fundi mmoja akaniuliza, "Wewe Mmakonde, umetuletea na ufukwe wenyewe?" Niliona haya, nikatamani kuingia chini ya meza.

Kwetu mnaanika makopa juu ya mchanga kwa kuwa kila mwanamke huyaosha kabla ya kutwanga. Huku hakuna anayeosha. Yanatoka guniani yanaingia mashineni. Hata mimi niliyelelewa kando ya kinu chako sikukumbuka. Nikamwomba mzee tujaribu tena. Yale yaliyobaki nikayaosha, nikayaanika juu ya bati, yakasagwa. Safari hii sufuria lilirudi tupu, na yule yule fundi akaja kuniomba ukoko.

Mzee Kondo amesema, "Yakija safi, jiko hili litanunua ya kijiji chenu kila mwezi. Yakija na mchanga, usinitajie tena."

Basi jengeni vichanja vya mianzi, mwanike juu, mbali na ardhi. Najua utasema bibi yako alianika mchangani maisha yake yote na meno hayakumng'oka. Sawa, Mama, lakini wa huku yatawang'oka.

Nisalimie mjomba Hassani, mama mdogo Somoe, na jirani yetu Mama Amelia aliyetoka ng'ambo ya Ruvuma. Mwombeni awaonyeshe kufunga vichanja, ndiye fundi.

Na Saidi mwambie kazi nimeshampatia, aanze kesho asubuhi: akate mianzi.

Mwanao anayekupenda,
Issa