Nyanya za Kichwa Chini

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Hujambo wewe, na hiyo mikono yako ya kuchomelea vyuma haijambo? Mimi mzima, ila nyonga. Tangu nilipoanguka bafuni na kupasuliwa siwezi kuinama, na kaka yako ameligeuza hilo kuwa sheria. Amenihamishia kwake, jembe langu amelifungia stoo. "Mama, kulima basi. Umeshalima vya kutosha." Nani kamwambia kulima kuna kutosha?

Basi sikiliza. Nimechukua ndoo ya rangi iliyokwisha, nikaitoboa kitakoni. Nikapitisha mche wa nyanya, mizizi ndani, majani nje, shina nikalizungushia kipande cha sponji udongo usimwagike. Nikajaza udongo na samadi, mlinzi wa geti la kaka yako akaining'iniza kwenye boriti ya baraza. Nyanya inaota kichwa chini, miguu juu! Maji namimina kwa juu nikiwa nimesimama na mkongojo wangu. Siinami ng'o. Sasa ndoo ni nne. Mke wa kaka yako anasema wageni wanacheka. Wacheke, meno ni yao.

Mama yako

19 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, karakanani kazi zinasukumana. Nyonga inaendeleaje?

Kaka amenipigia simu, analalamika. Mama, nakuomba uache. Ndoo yenye udongo uliolowa ni nzito, ikikuangukia je? Nyanya si zipo sokoni? Pumzika, usishindane na mwanao ndani ya nyumba yake.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na mahubiri yako pia. Nyonga ni hivyo hivyo.

Ndoo moja ilianguka kweli, msumari uling'oka. Haikumgusa mtu, lakini udongo ulitapakaa mpaka kwenye zulia la sebuleni. Nilipotoka kuoga nikakuta zote kando ya pipa la taka, maua yake ya njano yamelala chini.

Nikamwuliza kaka yako, "Umenitupia mazao yangu?"

"Mama, ni ndoo tu."

"Na jembe lilikuwa jembe tu. Na mimi je, kikongwe tu?"

Kesho yake nikafunga nguo zangu, nikaita gari, nikarudi kwangu. Zile tatu zilizopona nilizipakata njia nzima, dereva akidhani nimebeba mtoto. Kama unataka kunirudisha kule, usinijibu.

Mama yako

21 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo tena na tena. Unalala vizuri? Nani anakuchotea maji?

Nimenyamaza kwa sababu kila barua niliyoanza ilikuwa inakurudisha kwa kaka, nawe ulisema nisijibu. Nilizichana. Halafu nikaacha kuandika, nikawasha mashine.

Kwenye kifurushi hiki kuna kulabu za chuma. Nimejining'iniza mwenyewe kwenye mojawapo, mafundi wenzangu wakipiga vigelegele, haikutikisika. Seremala azifunge kwa bolti, asikuletee habari za misumari. Kuna kamba na kapi pia, uwe unashusha ndoo mpaka usawa wa kifua.

Kaka amenitaka nikusemeshe urudi kwake. Nimemwambia, "Kama maneno ni yako, yapeleke mwenyewe."

Binti yako

30 Juni

Mwanangu, fundi wangu,

Marahaba, na Mungu akulindie macho hayo na cheche. Nimepona kuliko daktari alivyotaraji. Maji ananichotea jirani, nami namlipa kwa nyanya.

Kulabu zako zimeshika. Mashina yamejikunja kama ndoana, ncha zinatazama juu kunakotoka nuru, wala hakuna aliyezifundisha. Matunda madogo mekundu yananigonga paji la uso nikipita.

Kaka yako alikuja kunichukua. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Mama, watu watasema nimekutelekeza."

"Waambie umenitii."

Akaondoka amenuna, hata chai hakugusa. Nikalia kidogo, sikufichi, kisha nikaendelea kuchuma.

Jumapili karudi, peke yake. Hakusalimia vizuri. Akazunguka chini ya ndoo, akatungua nyanya moja yenye joto la jua, akaila, akatungua nyingine. Halafu, akiwa amenipa mgongo, akauliza kama bilingani nayo inakubali kuning'inizwa.

Nikamjibu, "Leta ndoo yako."

Mama yako